Mbuzi Aliyelia Ndani ya Koti

Nikisikia mbuzi analia, hata awe wa jirani amefungwa kwenye mti wake kwa amani, masikio yangu yanapata moto, na wanaonifahamu hapa Babati wananiangalia usoni wakingoja nicheke mimi kwanza ndipo na wao wacheke. Kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia ile ya Daudi, maana ya Daudi ina chumvi nyingi (eti nilipiga magoti nikalia; sikulia, nilipiga magoti tu).

Mimi ni mtu wa kuonja. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu nilitaka kujua malori yanayopita barabarani yanaishia wapi, na tangu hapo nimekuwa utingo, nimeuza miwa stendi, nimeziba pancha, nimevuna vitunguu saumu, na kila kazi nikishaijua tu, miguu inaanza kuwasha. Sasa Daudi, rafiki yangu wa bodaboda ninayepanga naye chumba pale Singe, aliponionyesha mchezo wa kwenye simu ambao watu maelfu wanaingia katika dunia moja ya milima na majoka, nikasema na hii lazima niijue.

Kabla ya kuingia unachagua mambo mawili, kazi yako na kabila lako. Daudi yeye ni mpiganaji, ana upanga mrefu kuliko yeye. Mimi kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka upande wa kulia, palepale penye vitufe vya kupigania, nikaona nikiwa mpiganaji nitakufa kila siku kama kuku wa Krismasi. Nikachagua mganga, yule anayesimama nyuma na kuwaponya wenzake wakikatwakatwa.

"Mganga?" Daudi akasema. "Wewe kweli umekosa kazi. Mganga ni kama mama ntilie, anagawa tu, yeye hali."

"Mama ntilie akigoma mnakufa njaa wote," nikamjibu.

Kuhusu kabila, palikuwa na majitu, palikuwa na warefu wa msituni wazuri kama wametengenezwa kwa ajili ya picha, na palikuwa na wafupi wa milimani, ambao hata ukitaka huwezi kuwa kijana kwa sababu wote wanazaliwa na ndevu nyeupe hadi kwenye mkanda. Wanapanda mbuzi badala ya farasi. Lakini hao wafupi dawa zao zina nguvu mara mbili, basi nikachagua hao, nikajiita Babu wa Kwaraa, kwa heshima ya mlima wetu. Uamuzi mdogo tu wa mtu aliyekaa kitandani anakula karanga. Sikujua ninajichimbia shimo.

Siku ya kwanza nikajiunga na kundi la Watanzania, hakuna anayemjua mwenzake, mnaandikiana tu. Kiongozi wetu alikuwa jitu moja lenye shoka, linaitwa Jabali, na Jabali hakuwa na mzaha, akishaingia vitani joka linajuta kuzaliwa. Jabali akaona ndevu zangu, akaona jina, akaandika: "Shikamoo babu."

Hebu niambieni, mngefanya nini? Shikamoo haiachwi ikaning'inia hewani. Ningeweza kuandika hapana jamani, mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, mambo vipi. Vidole vikaandika: "Marahaba, mwanangu."

Ikawa imetoka hiyo. Kundi zima likaanza kuniamkia, na mimi (mtu ambaye maisha yangu yote nimeamkiwa na watoto wa chekechea tu, tena wakilazimishwa) nikaona tamu. Nikaanza kuandika polepole kama mzee. Nikawa ninasema "enzi zetu". Wakiumizwa ninawapa dawa, wakipona ninawapa na mawaidha, na kila ujumbe ulipoingia, mbuzi wangu wa kwenye mchezo alilia mee, mee, na kwa kuwa kitufe cha sauti cha simu yangu kilikuwa kimeshakufa, alilia kwa nguvu zake zote popote nilipo, hadi stendi wakazoea.

Sasa, nje ya mchezo nilikuwa na jambo kubwa kuliko majoka yote, nalo ni Neema. Neema wa Bonga, binti wa yule mama mjane mwenye duka la mbegu na dawa za mimea. Tulikuwa tumekubaliana wenyewe, ilibaki kwao. Mama yake alishaniona mara mbili tatu na hakuna mara hata moja aliyonikuta katika kazi ileile, na hilo halikumfurahisha. Neema akaniambia wazi: "Jumapili ya mwisho wa mwezi njoo na mtu wako mzima, uongee na mama na baba mdogo. Wakikataa, mimi sitoroki na mtu. Nataka nitoke nyumbani kwa mlango."

Wiki ileile, tukiwa tumepumzika baada ya kuua nyoka mwenye vichwa vitano, Jabali akaniandikia kando: "Babu, naomba ushauri. Binti yangu ameleta kijana. Shule aliiacha njiani, leo yuko huku kesho kule, kazi haieleweki, ila mdomo anao. Nimfukuze?"

Nawaapia, halikunipitia kichwani kabisa. Nilijua Jabali ni baba fulani wa mjini huko mbali, mwenye kitambi na hasira. Nikamhurumia. Nikatikisa kichwa nikasema moyoni, vijana wa siku hizi! Nikaandika kwa utulivu wa ndevu zangu: "Mwanangu, usimfukuze. Mtu asiyetulia anapimwa kwa shamba. Mpe shamba alime, apande, apalilie, avune. Akibaki hadi mahindi yakauke, huyo ni mume. Akikimbia, ulikuwa upepo." Na kwa sababu sifa zilikuwa zimenilewesha nikaongeza: "Asilipwe hata senti. Na ale makande tu."

"Ubarikiwe babu," akajibu Jabali.

Jumapili ikafika. Nikaazima koti la Daudi la harusini, Daudi mwenyewe akawa ndiye mtu wangu mzima (hatukupata mwingine), tukapakizana hadi Bonga. Tukakaribishwa sebuleni, vitambaa vyeupe kwenye viti, chai ya maziwa, maandazi. Nikamwamkia Mama Neema, nikamwamkia baba mdogo, mzee mmoja mwenye sauti ya kuitisha mkutano wa kijiji, na Neema akakaa pembeni akitazama vidole vyake vya miguu.

"Kijana," baba mdogo akaanza, "unafanya kazi gani?"

"Kazi ninazo nyingi, baba."

"Nimeuliza kazi gani. Sijauliza ngapi."

Daudi akaniokoa: "Baba, huyu ni mtu wa kujituma sana." Mzee akamtazama Daudi kama anayetazama dalali wa ng'ombe.

Ndipo Mama Neema akasema, "Shemeji, subiri kidogo. Kuna mzee mmoja wa hekima, yuko mbali, nilishamuuliza jambo hilihili. Tusijibu kabla sijamwambia kuwa kijana amefika." Akatoa simu kwenye kanga, akavaa miwani, akaandika.

Ndani ya koti langu, mbuzi akalia. Mee!

"Nani kafungua mbuzi?" baba mdogo akauliza.

"Wamefungwa wote, baba," Neema akasema.

Nikakohoa. Nikakohoa kwa kurefusha, nikijitahidi kifua changu kifanane na mbuzi, na pengine ningefaulu, lakini Mama Neema akaandika tena (babu hajibu, si kawaida yake), na mbuzi akalia tena, safari hii mara mbili. Baba mdogo akainua kitambaa cha kiti akachungulia chini. Daudi, ambaye huyo mbuzi anamjua vizuri kwa kulala naye chumba kimoja, akaanza kutetemeka mabega, akajifunika uso na kikombe. Na mimi nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja: duka la mbegu, Jabali kuwa hewani mchana wakati wateja hakuna, shamba, makande. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Nikaingiza mkono niizime simu. Koti la kuazima mifuko yake huijui. Mkono ukanasa, nikavuta, simu ikaruka kama samaki ikatua mezani kati ya maandazi, uso juu, inang'aa, na babu mwenye ndevu amepanda mbuzi anamtazama kila mtu. Baba mdogo akaiokota, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa ile sauti yake:

"Shikamoo babu!"

Na mimi, kwa mazoea, bila kutumwa na mtu, mbele ya ukoo ninaouomba binti, nikamjibu: "Marahaba, mwanangu."

Jamani.

Mzee akanitazama, akarudi kwenye simu, akaendelea polepole: "Yule kijana yuko mbele yangu, amevaa koti la kuazima. Nimpe shamba?"

Mama Neema akavua miwani. "Wewe ndiye Babu wa Kwaraa?"

Hapo ndipo nilipopiga magoti. "Shikamoo mama," nikasema. "Shikamoo zako zote nakurudishia, mama, sikujua."

"Miezi yote hii unaniita mwanangu!"

"Sikujua, mama."

"Na wewe shemeji," baba mdogo akamgeukia, "wewe ndiye Jabali?"

Mama Neema akaiweka sawa kanga yake. "Duka likikosa wateja ninaua majoka, shemeji. Kuna ubaya?"

Neema ndiye aliyeanza. Alijizuia, akajizuia, kisha cheko likamponyoka kama chafya, Daudi akatema chai, na hata Mama Neema mdomo ukaanza kumcheza. Baba mdogo peke yake ndiye aliyebaki na kesi yake. Akasema mtu aliyepokea shikamoo za mama mkwe hata kabla hajawa mkwe amefanya kosa ambalo ukoo haujapata kulisikia, na faini yake ni mbuzi, wa miguu minne, si wa kwenye simu.

"Na binti?" Daudi akathubutu kuuliza.

"Babu alishatoa uamuzi," Mama Neema akasema. "Mimi ni nani hata nimpinge? Atapewa shamba. Apande, apalilie, avune. Asilipwe hata senti." Akanitazama. "Na atakula nini, babu?"

"Makande, mama," nikajibu kwa sauti ndogo.

Sasa mahindi yananifika magotini, niko kwenye palizi, na sijawahi kukaa mahali pamoja muda mrefu hivi tangu nizaliwe. Miguu ikiwasha ninapiga jembe. Faini nimeshaitoa. Nimeapa kwamba mtu nisiyeuona uso wake akiniandikia, mimi namwamkia yeye kwanza, hata awe mtoto wa darasa la tatu, na ushauri wa ndoa sitoi tena nikiwa na ndevu zisizo zangu. Kabila sikubadilisha, maana Mama Neema amekataa. Anasema dawa za mganga mwingine haziamini.

Jana adhuhuri nilikuwa nimekaa kivulini na bakuli langu, mbuzi akalia mfukoni. Ni Jabali: "Babu, yule kijana bado yupo shambani?"

Vidole vikaandika, "Yupo, mwanangu." Nikasimama. Nikafuta. Nikaandika upya: "Yupo, mama. Shikamoo."

Mbuzi akalia tena.

"Marahaba, mwanangu."