Kamba Niliyoikata

Ile kamba niliikata kwa kisu changu cha kuchunia waya, na niliikata kwa raha. Ilikuwa imezungushwa kwenye televisheni kuukuu ndani ya gari la mteja mara sijui ngapi, ikapita chini ya rafu, ikapanda juu tena, ikafungwa kwa mafundo ambayo sikuwahi kuyaona popote. Chini ya televisheni kulikuwa na mkeka mzito uliokunjwa mara nne. Mimi nilikuwa fundi mwenye duka langu mjini Garissa, nina drili, nina skrubu za kila saizi, na kamba ya magome ya mgunga juu ya kitu cha umeme niliiona kama tusi kwa kazi yangu. Nikaitupa nje pamoja na mkeka wake. Mbuzi mmoja akaja akanusa, akaenda zake.

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Gari lenyewe lilikuwa lori lililogeuzwa nyumba. Wazungu waliokuwa wakivuka Afrika nalo walichoka walipofika Nairobi wakaliuza, na aliyelinunua alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa Wajir, ambaye kazi yake ilikuwa kuwafuata ngamia popote walipo. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki, makabati ya ukutani, na friji ambayo kwa miaka yote niliyoijua ilitunza viatu. Daktari aliishi humo. Leo yuko Bura, wiki ijayo yuko Wajir, na jioni wafugaji walikusanyika nyuma ya lori kutazama kanda za magonjwa ya mifugo kwenye ile televisheni yenye kisogo kirefu kilichokula nusu ya chumba.

Miaka minane ilizunguka naye, kisha siku moja picha ikajikunja ikawa mstari mweupe mmoja. Nilimwambia tyubu imekufa, na hapo nilisema kweli. Shemeji yake aliyefanya biashara Dubai akamletea mpya. Ilikuwa bapa. Watu wa leo hawawezi kuelewa neno hilo lilivyokuwa. Nilipoitoa kwenye boksi dukani kwangu, wauza mirungi wa mkabala waliacha biashara yao wakaja, mmoja akaishika ukingoni kwa vidole viwili akauliza vitu vya ndani wameviweka wapi. Hata mimi sikuwa na jibu, lakini nilijibu kirefu. Ilikula umeme wa betri ya gari, haikuwa nzito kuliko sinia la chakula, na rangi zake zilinifanya nione aibu kwa televisheni zote nilizowahi kutengeneza.

Daktari hakuwa na haraka ya kuonyesha magonjwa. Alikuwa na kaseti ya video. Mdogo wake wa mwisho aliondoka kwenda ng'ambo miaka tisa nyuma na hakurudi hata mara moja, na sasa alikuwa amejirekodi, yeye, mkewe na watoto wawili, akaituma kwa mikono ya wasafiri mpaka ikafika Garissa. Daktari alikaa nayo majuma matatu bila kuitazama, ingawa mjini televisheni hazikukosekana. Aliniambia mama yao ndiye ataona kwanza. Mama yao alikuwa na ngamia wake kaskazini ya Dadaab, mahali pasipo na nguzo hata moja ya umeme, na hakuwa mtu wa kuitwa mjini akaja. Basi picha ingemfuata yeye, na mimi ningeenda pamoja nayo, maana ikiharibika huko hakuna mwingine wa kuifungua.

Niliifunga kwa bamba la chuma na skrubu nane kwenye ukuta wa mbao. Nikaipiga kofi mbele ya daktari nikamwambia hiyo haitoki hata gari likipinduka. Aliangalia pale kamba ilipokuwa, akafungua mdomo, akaufunga. Tangu hapo nimejifunza kumwogopa mtu anayefunga mdomo hivyo.

Barabara ya huko haina mashimo makubwa tu. Ina vituta vidogo vidogo vilivyopangana maili kwa maili, na gari likipita juu yake hutetemeka lote, mpaka meno. Hatujafika Dadaab niliona skrubu moja inabiringika sakafuni kuelekea jiko. Nikairudisha, nikaikaza. Mbele kidogo zikawa mbili, zimetoka na unga wa mbao. Kadiri nilivyokaza ndivyo matundu yalivyopanuka. Tulipoiacha Dadaab nyuma bamba lilikuwa limeshikwa na skrubu mbili, na mimi nimesimama mguu huku na mguu kule, nimeikumbatia skrini kifuani, jasho linaniingia machoni. Nilisafiri hivyo saa nne nzima. Daktari alinichungulia kupitia kidirisha cha nyuma yake mara moja tu, na nadhani alicheka.

Mama yake alitusubiri amesimama. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ushungi mweusi, na umri ambao sikuthubutu kuukadiria. Alimshika mwanawe kichwa, akamwombea dua ndefu, kisha akapanda lori bila kushikwa mkono. Hakuiangalia skrini. Alitembeza macho chumbani kwa utaratibu, akasogeza sufuria moja iliyoning'inia vibaya, akalisukuma dumu la maji kwa mguu kuona kama limekaa sawa. Kumbe alikuwa akikagua mzigo. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Kamba yangu iko wabi?"

Hapo ndipo nilipojua. Miaka minane iliyopita ni yeye aliyeifunga ile televisheni kuukuu. Aliisokota kamba mwenyewe, akaleta mkeka wa nyumba yake, akafunga, na daktari hakuigusa tena. Kitu kizito vile, chenye kioo, kilipita Mandera na Eldas na kila korongo la katikati bila kusogea kidole kimoja, na mimi nilidhani ni uimara wa kiwanda. Ningeweza kusema kamba ilichakaa. Daktari alikuwa pale, hakuwahi kuniuliza. Lakini yule mama alikuwa ananitazama, na uongo wangu wote wa dukani ukanikimbia. Nikasema niliikata.

"Kamba hakatwi, fundi," akasema. "Kamba nafunguliwa."

Hakupandisha sauti. Niliona haya kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, na nikaona hasira pia, maana mimi ni mtu wa hasira. Nikataka kumweleza habari za bamba na kipimo cha skrubu. Bamba lenyewe likaniaibisha kwa kulegea mbele yake.

Betri ilikuwa nzima na skrini nzima, kwa hiyo daktari alitaka kuwasha kaseti hapo hapo, mama yake amwone mwanawe. Mama akakataa. Walizungumza Kisomali, kisha daktari akakaa kitandani akanieleza. Yule mdogo wake alipozaliwa, mama alishikwa na homa asiweze kumnyonyesha. Mdogo wa huyu mama, ambaye wao humwita habaryar, yaani mama mdogo, ndiye aliyemnyonyesha pamoja na wa kwake. Sasa yuko Eldas, nyonga imevunjika na haikuunga, na habari zinazotoka huko si nzuri. Mama alisema hatatazama uso wa yule kijana kabla mdogo wake hajautazama. Nilifikiria barabara ya Wajir, na baada ya Wajir ile ya Eldas, na skrubu zangu mbili.

Mama hakuwa anafikiria. Alikuwa ameshashuka.

Nyumba yake ilikuwa ya fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, nyumba ambayo wanawake wa huko huijenga kwa mikono yao, huivunja malisho yakiisha, huipakia mgongoni mwa ngamia na kuijenga tena mbele. Ameifunga na kuifungua nyumba hiyo tangu alipoolewa. Aliizunguka mara moja, akafungua kamba mbili na kuutoa mkeka mmoja wa ukuta. Mkwe wake, mke wa mwanawe mwingine, akaleta leso akaziba pale palipobaki wazi, bila mtu kumwambia.

Aliporudi alinifanya nitoe bamba lote. Kisha akakunja mkeka, akauegemeza ukutani, akaiweka skrini juu yake, na akaanza kuzungusha zile kamba. Nilitazama mikono yake na nikashindwa kuifuata. Kamba ilipita kwenye bawaba ya kabati, ikashuka kwenye mguu wa kitanda, ikavuka nyuma, na kila upande ukavutwa na upande wa pili, hivi kwamba hakuna uzito uliobaki peke yake. Nilipojaribu kumsaidia kukaza alinipiga kofi dogo la mkono. Daktari akanitafsiria kwamba nikikaza sana itavunjika, niiache icheze kidogo. Mwisho akanionyesha ncha moja iliyoning'inia. Akaivuta kwa kidole, na kazi yote ikafunguka ikaanguka laini mikononi mwake. Akaifunga upya. Haikumchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nilikaa sakafuni njia nzima mpaka Eldas nikiitazama ile skrini. Gari likirukia kulia, yenyewe iliinama kidogo kulia, ikarudi. Gari likatetemeka kwenye vituta, yenyewe ikatikisika kidogo na kutulia. Nilikuwa nimesoma chuo cha ufundi miaka miwili. Nilimpenda yule mama tangu pale, nasema wazi, na nilimwonea wivu.

Mama mdogo tulimkuta amelala kwenye ngozi ndani ya nyumba kama ile ya dada yake. Alikuwa amebaki macho na vidole. Tulikuwa tumepanga kumbeba mpaka ndani ya lori. Wanaume wanne wakaishika ile ngozi, wakamwinua kadiri ya shubiri moja, akatoa sauti ambayo iliwafanya wote wanne wamrudishe chini pale pale. Ngazi za lori zilikuwa nne, na ndefu. Daktari alitoka nje akasimama ameweka mikono kichwani. Safari yote ile, na hatua ishirini za mwisho hazipitiki.

Mama yake alimpita, akapanda lori. Nikamfuata. Alivuta ile ncha kwa kidole. Skrini ikamwangukia mikononi, akaikumbatia na mkeka wake, akashuka nayo.

Hapo sasa nikajua kazi yangu. Nilichuna kila waya niliokuwa nao, nikaunga wa taa, wa redio, hata wa kengele ya mlango niliyokuwa nimeahidi kumfungia mtu Wajir, mpaka umeme wa betri ukafika mlangoni mwa ile nyumba na kuingia ndani. Deki ya video niliiweka juu ya dumu. Mama akaiegemeza skrini kwenye fito, akaifunga mara mbili tu, akaiinamisha kidogo ili mdogo wake aione bila kuinua shingo. Ilikuwa alasiri, jua kali nje, lakini ndani ya mikeka mlikuwa na giza zuri.

Kijana akatokea amevaa koti nene, nyuma yake dirisha lenye weupe mtupu. Alikuwa amenenepa. Alianza kwa salamu, na daktari akanitafsiria kwa sauti ya chini. Salamu ya kwanza haikuwa ya mama yake. Ilikuwa ya mama mdogo, aliyemwita mama wa maziwa yake, akamwombea afya, akamwonyesha mtoto mmoja na kusema jina la mtoto huyo ni lake. Ndipo akamsalimia mama yake mzazi. Nilimtazama yule mama nione kama imemchoma. Alikuwa ameushika mguu wa mdogo wake, na alisema neno fupi ambalo daktari alikawia kulitafsiri.

"Anasema ni yeye aliyemfundisha hivyo."

Kaseti ilikwisha. Mama mdogo akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Ilipofika mara ya tatu niliona sauti inaanza kufifia, nikajua betri inakwisha na kwamba lori halitawaka. Mimi ambaye siwezi kuona kosa la umeme nikanyamaza, siku hiyo nilinyamaza. Daktari alinitazama. Naye alikuwa anajua, na naye akaiwasha mara ya nne. Picha ilizimika kijana akiwa katikati ya salamu. Tulilala hapo, na kesho yake mchana lori la maji likatupa umeme wa kuondokea. Mama mdogo hakuziona mvua zilizofuata.

Tulipomrudisha mama kambini kwake, ile leso ilikuwa bado ukutani. Nilizifungua zile kamba mbili kwenye skrini, kwa mkono, nikazikunja na kumpelekea. Hakuzipokea. Akaniashiria nizirudishe garini. Mkwe wake alikuwa amemwekea rundo la magome kwenye kivuli, mama akaketi hapo na kuanza kusokota nyingine za nyumba yake, nami nikaketi mbele yake kumshikia ncha.