Mkoba wa Mtani Wangu

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema usije ukanionea huruma njiani halafu ukajuta.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani hapa Tabora mjini, Mnyamwezi wa baba na mama. Jirani yangu ni mzee wa Kigogo aliyeletwa huku na kazi ya reli, akastaafu, akajenga, akabaki. Jina lake silitaji. Mtaani sote tulimwita Mgogo, naye akiitika kwa raha zake. Mimi aliniita Mpagazi.

Anayejua utani wetu ameshaelewa. Babu zetu walipita Ugogo na mizigo kichwani wakienda pwani, na Wagogo wakawatoza hongo ndipo wawaachie kuchota maji. Basi yule mzee kila akipita kibarazani kwangu ananyoosha mkono: "Mpagazi, hongo." Mimi namjibu kwamba Mgogo na kuomba ni pete na kidole. Siku nyingine namnyang'anya kofia, simrudishii mpaka aikomboe kwa soda. Na yeye hivyo hivyo, mkasi wangu umelala kwake mara ngapi! Mkewe, Mama Neema, anacheka mpaka anashika mbavu. Hakuna aliyenuna, maana mtani hanuniwi.

Mwaka jana parokia yetu ikaenda hija Italia. Magoti ya Mama Neema yalikataa safari, akabaki. Siku ya kuondoka akanishika mkono. "Mpagazi, nakukabidhi mzee wangu. Mkoba wake usikae mbali naye, una mambo yake ya sukari." Nikamwambia mzee wake nitamuuza huko huko. Akacheka, tukapanda gari.

Ewe Mungu, ningejua!

Makanisani tulisali vizuri. Ikabaki siku moja ya kutembezwa ufukweni kwa basi la kitalii, yaani basi lenye vioo mpaka juu. Mimi maji mengi niliyoyazoea ni ya bwawa la Igombe. Nilipoiona ile bahari nilibandika uso kwenye kioo. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, nyembamba, upande huu mwamba, upande ule chini kabisa maji ya buluu, na nyumba nyeupe zimeng'ang'ania jabali kama viota vya mbayuwayu. Malimao makubwa yananing'inia hadi barabarani. Mgogo alikaa kando yangu akisema kwao Dodoma wangepata hata robo ya maji hayo wangetutoza hongo dunia nzima.

Tukasimama mahali pa kupiga picha. Akashuka, mkoba akauacha kwenye siti. Mkono ukaniwasha. Nikauchukua, nikauweka miguuni pangu, nikaufunika kwa khanga. Aliporudi nikatangaza kwa sauti kwamba leo nakusanya hongo yote waliyotozwa babu zangu. Basi zima likapiga makofi. Na yeye alicheka, akaahidi kuukomboa kwa aiskrimu tukifika kwenye chakula.

Kwenye chakula hatukufika. Mbele yetu mabasi mawili yalikutana kwenye kona, hili halirudi nyuma, lile halipiti. Tukakaa. Saa ya kula ikapita tukiwa pale pale.

Akaniomba mkoba huku anatabasamu. Nikamwambia kuomba ameanza.

Akakaa kidogo, akaomba tena. Safari hii jasho lilikuwa linamtiririka na kiyoyozi kinapuliza, mkono unatetemeka. "Mpagazi, nipe mkoba. Nakufa."

"Kufa," nikamwambia. "Tutakuzika hapa hapa, ulale unatazama bahari ya bure."

Watu walicheka jamani! Na kwetu ndivyo ilivyo, mtani hata msibani anaruhusiwa kumwambia maiti aamke alipe madeni. Neno "nakufa" mimi na Mgogo tulikuwa tunarushiana kila wiki.

Mara ya tatu aliniinamia sikioni. Ulimi ulikuwa mzito. Akasema, "Sukari." Neno hilo moja.

Nilijua ana kisukari, nani hakujua? Ila nilidhani mkobani mna sindano tu, na sindano alishajichoma asubuhi hotelini. Sikujua kwamba mtu akijichoma asipokula, sukari inashuka mpaka inamuua. Nikamjibu, "Sukari si unayo tele mwilini, Mgogo?" Akajaribu kuipapasa ile khanga, mikono haina nguvu. Nikabana miguu. Nikageukia dirishani kupiga picha malimao.

Baadaye kichwa chake kikaniangukia begani. Nikasema moyoni, mtani amechoka kuomba. Nikainua simu nikatupiga picha wawili, nikamtumia mkewe: "Mgogo wako amelewa upepo wa bahari."

Mama Neema alijibu kwa vile vikatuni vya kucheka.

Basi lilipoanza kutembea kichwa chake kikagonga kiti cha mbele, na hakushtuka. Mate yalikuwa yanamtoka. Nikapiga ukelele, Padri akaja mbio kutoka mbele. Na hapa ndipo hasa ninapotaka mnihukumu. Watu wakiwa wamemzunguka, niliusukuma ule mkoba kwa mguu mpaka chini ya siti yake. Padri alipouliza mkoba, nikasema nilishamrudishia kitambo, labda umemdondoka. Akainama akautoa. Mlikuwa na sindano, biskuti, na pakiti ya glukosi ambayo ilikuwa haijafunguliwa. Vyote hivyo vilikaa unyayoni pangu.

Hakufa. Walimlaza hospitali ya huko huko, sisi tukarudi, yeye akaletwa baadaye. Lakini aliyerudi siye tuliyekwenda naye. Ubongo ulikaa bila sukari muda mrefu. Anatembea kwa kushikwa, akimwita binti yake anataja jina la dada yake aliyekwisha kufa, na maneno yaliyombakia ni ya kuokoteza.

Nikawa naenda kumwona kila Jumapili baada ya misa, na uji wa karanga mkononi. Mnafiki mimi! Mama Neema akinikaribisha, papo hapo anamgombeza mumewe. "Mzembe huyu, Mpagazi. Niliwaambia wote wawili, mkoba usikae mbali. Ona sasa alivyojiua mwenyewe." Anamwambia hivyo mbele ya watoto, mbele ya wageni, na mzee anainamisha kichwa. Hana kumbukumbu ya kujitetea nayo. Mimi nakoroga uji.

Jumapili iliyopita alikuwa kibarazani. Aliponiona akanyoosha mkono kama zamani. Moyo ulinilipuka, nikajua anataka hongo yake, amepona! Akasema, "Mkoba."

Mama Neema akacheka. "Kila ukitajwa ndiyo neno lake. Wakitajwa wengine hasemi. Sijui mkoba gani anautaka kwako." Kisha akafungua simu anionyeshe ile picha, ameitunza. Akasema angalau mzee wake alisinzia kwa amani begani kwa mtani wake.

Nilikuwa nimeanza kumlisha uji, nikaliweka bakuli chini. Nikapiga magoti pale sakafuni nikamweleza yote, khanga, glukosi, nilivyobana miguu, nilivyomdanganya Padri.

Hakunipiga. Hakupaza sauti. Alimwendea mumewe, akamfuta uji kidevuni, akamwambia taratibu, "Nisamehe, mume wangu." Kisha akanigeukia mimi. "Ahsante kwa uji, mama. Karibu siku nyingine."

Mama! Tangu tujuane hajawahi kuniita hivyo. Angenitukana ningeshukuru, maana tusi ni la watani. Nilipewa heshima anayopewa mgeni, nikatoka nayo mpaka kwangu.

Kwa Padri nitakwenda mwenyewe wiki hii. Lakini nyie mnaosoma, mnaotaniana kama sisi, Mnyamwezi na Mgogo, Msukuma na Mzaramo, tanianeni, sikatazi. Chukua kofia, chukua kiatu. Mkoba wa mgonjwa usiuguse. Na mtani wako akikwambia anakufa, mara ya kwanza cheka. Mara ya pili acha kucheka, mgeukie umtazame usoni. Mimi nilikuwa natazama malimao.