Matroni na Uji wa Kimea

Siku yangu ya kwanza kazini nilitarajia kupewa sindano, nikapewa mwiko. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nimetoka kwenye mafunzo ya uhudumu wa afya, na hospitali ilikuwa Lushoto. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeingia mpaka jiko la wodi ya watoto. Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa mama wa Pangani, mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, mwanangu. Koroga."

Uji wa mahindi ulikuwa mzito hata mwiko ulisimama wenyewe. Alinieleza shida yetu. Mtoto mwenye utapiamlo tumbo lake ni dogo, na nguvu ya kumeza hana. Ukimpa uji mzito anautema. Ukiuongezea maji, anashiba maji na mwili unabaki na njaa. Basi tukauepua, tukaungoja upoe mpaka kidole kiuvumilie, akatia kijiko cha unga wa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Nikakoroga. Kitambo kidogo mwiko ukawa mwepesi mkononi, uji ukawa unamiminika, wala hatukuongeza tone la maji.

"Matroni, ule uzito umekwenda wapi?"

"Haujaenda popote. Chakula kimo humohumo."

Wanga, alisema, ni mkufu mrefu wa chembe za sukari zilizoshikana. Ukipikwa, mikufu hiyo hunyonya maji ikavimba, ndiyo maana uji hushikana. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya, na kazi yake ni kuikata mikufu hiyo ili mche upate chakula. Kila panapokatwa, chembe ya maji hugawanyika na kujishika kwenye ncha mbili zilizoachana. Kukatwa huko kwa maji ndiko kunakoitwa hidrolisisi. Mate yetu hufanya vivyo hivyo, na matumbo pia. Sisi tulikuwa tunamwanzishia kazi mtoto aliyechoka. Lakini vimeng'enya hufa kwenye moto mkali, kwa hiyo kimea hakitiwi uji ukiwa unatokota. Uji ukishalegea, ndipo unachemshwa tena kuua vijidudu.

Nilifanya kazi chini yake miaka mingi. Kuotesha ulezi kulikuwa rahisi. Kuuanika ndiko kulikotutesa. Jua la Lushoto hutokeza likajificha, na kimea kikibaki na unyevu huota kuvu, kinatupwa. Tulihamahama ua mzima tukilifuata jua, yeye ameshika upande huu wa mkeka, mimi ule, tunacheka kama wasichana. Wakati ule sikujua kwamba hizo ndizo siku zangu njema.

Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, nilihamishiwa zahanati ya Mlola. Huko akaletwa Ruthi, binti mdogo wa mzee wa kanisa la Kilutheri, Mzee Shekiondo. Miguu imevimba, nywele zimepauka, akiona kijiko anageuza uso. Mama yake alikuwa radhi kujaribu chochote. Baba akauchukua unga wangu, akaunusa.

"Hiki ni kimea."

"Ndiyo, mzee."

"Kimea ni cha pombe. Kwangu hakiingii."

Nilimweleza kwamba pombe ni mpaka kitu kichachuke, na uji wetu huliwa palepale. Hakunisikiliza. Alimfunika mtoto shuka, wakaondoka, mama akigeuka kunitazama mpaka walipopotea kwenye kona.

Kesho yake nilipanda lori la kabichi hadi Lushoto. Matroni hakunilaumu kwa kuacha zahanati. Alinisikiliza, akajitanda khanga, tukarudi Mlola pamoja.

Kwa Mzee Shekiondo alisalimia kwa adabu, akaomba nafasi jikoni, akapika mbele yao kwa unga wao wenyewe wa mahindi, kisha akatia kimea chetu. Uji ulipolegea na kuchemka mara ya pili, alijimiminia bakuli.

"Mzee wa kanisa, mimi ni Mwislamu. Pombe sijaionja tangu nizaliwe. Nakunywa mimi kwanza. Ukiniona nayumba, nitoe nje."

Akanywa lote. Mama Ruthi alicheka, akafunika mdomo. Mzee hakucheka. Alichovya kidole, akalamba.

"Mmetia sukari? Mmeipata wapi?" Sukari siku zile ilikuwa adimu.

"Ilikuwamo kwenye mahindi yako, mzee. Tumeifungulia tu."

Akampakata Ruthi, akakishukuru chakula kwa Kishambaa, akamlisha kijiko cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto alimeza. Akafungua mdomo tena. Baba yule alilia bila kujificha.

Ruthi alipona. Jumapili moja Mzee Shekiondo alisimama baada ya ibada akawaambia kina mama waje zahanati, nao wakaja.

Lakini siku ile ya uji ilikuwa ya mwisho sisi wawili kupika pamoja. Matroni alihamishiwa kusini, mimi nikahamishiwa kliniki ya Mombo, huku chini ya milima kwenye jua kali. Tulitumiana salamu kupitia wauguzi waliokuwa wakihamishwa, kila mwaka tukisema tutaonana. Mchana mmoja redio ya kliniki ikasoma matangazo ya vifo, nikasikia jina lake. Nilikuwa nimepakata mtoto wa watu, kinywa kimefunguka kikisubiri. Nikaendelea kumlisha.

Sasa nimestaafu, nimebaki hapahapa Mombo, milima iko juu yangu. Vijana wanaosomea lishe hunijia, nami huwaeleza habari za wanga na vimeng'enya, na wanaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Wakiondoka huwa bado nina neno moja, na si lao. Natamani kumwambia Matroni kwamba huku chini ulezi hukauka kwa siku moja tu. Asingeamini. Angetaka kuja kuona.