Kinanda cha Kuazima kwenye Harusi ya Tumbe

"Hwezi," aliniambia mjomba akinikabidhi kinanda chake. "Diploma ya kompyuta ya Dar es Salaam haipigi taarabu." Jirani yangu wa mtaani Jadida, aliyeniazima spika, alinicheka mbele ya mkewe: "Leo kompyuta itapiga kanuni, bila nyuzi! Kesho feni itacheza msewe."

Maneno hayo sikuyasahau, na sioni kwa nini niyasahau. Nilijisomesha mwenyewe kwa kutengeneza simu Kariakoo. Hakuna aliyenichangia hata daftari.

Kinanda hakina ile sauti iliyo kati ya funguo mbili, na taarabu bila sauti hiyo ni mchuzi bila ndimu. Basi niliunganisha programu mbili kwenye kompyuta yangu. Ya kwanza inaipokea kila noti kidole kinapogusa, inaipinda kidogo; ya pili inaitoa kwa sauti ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kama zinapigwa kweli. Mwanzoni sauti ilikuja nyuma ya kidole. Mjomba akasema, "Kanuni yako ina kigugumizi." Nilikasirika, nikalichimbua kosa: programu ya kwanza ilikuwa ikilimbikiza noti kabla ya kuzituma. Nikaifanya itume moja moja, papo hapo. Kigugumizi kikaisha.

Nikaichukua harusi ya Tumbe. Ningeshindwa pale, nisingeitwa tena harusi yoyote Pemba. Ubeti wa kwanza tu, jirani yangu, aliyekuja makusudi, akapaza sauti: "Ya kurekodi hiyo! Anatikisa vidole tu!" Watu wakaguna.

Shangazi wa bwana harusi akainuka na pesa mkononi kwenda kumtunza mwimbaji niliyekuwa nikimpigia. "Rekodi haimngoji mtu," alisema. "Ningoje, mwanangu."

Akaja kwa madaha, mbele kidogo, nyuma kidogo. Mtu anayetunza hakatizwi. Kiitikio hurudiwa mpaka atosheke. Akikawia, nilikawia. Akirudi, nilirudi naye. Akageuka ghafla kunitega, na kanuni ikageuka naye. Vigelegele vikapasua turubai.

"Rekodi gani hii?" akamgeukia jirani yangu. "Sema basi, baba!"

Akaokota kofia yake, akatoka.

Baada ya harusi chache nilinunua vyangu, nikazunguka siku moja kuwarudishia wote walioniazima. Mjomba alipokea kinanda chake, akakiweka kando. Jirani alitaka tuzungumze.

"Mbona haraka, ndugu yangu? Kaa nazo spika. Binti yangu anaolewa, utatupigia."

"Nitapiga," nilimwambia. "Kwa bei ya kila mtu. Na wewe utakaa mbele, uvitazame vidole."

Nikaziweka spika mlangoni. Ndani sikuingia.