Lastiki ya Barakoa

Fundi cherehani jirani yangu hapa sokoni Mbinga huongea akiwa na pini mdomoni, na bado husikika kuliko redio. Kabla ya kukata kitambaa hukipapasa kwa kiganja, kama anayembembeleza mtoto alale. Mwaka ule wa Korona, serikali ilipowataka mafundi wa mjini washone barakoa, aliweka kando sare za kwaya akawashonea wauguzi wa vijiji vya ziwani. Siku gari lilipokuja kuzichukua, lastiki ilikuwa imemwishia, zimebaki barakoa chache za kutiwa lastiki, na hakuna duka lililokuwa nayo.

"Mama, niondoke na zilizo tayari?" dereva aliuliza.

"Ngoja kidogo, baba."

Akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa ameshika lastiki ndefu mkononi, na sketi ameifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Tulicheka mpaka dereva akakaa chini. Nami nikaingia nyuma ya pazia, akafuata Mama Ottilia muuza dagaa. Gari liliteremka kuelekea Liuli na barakoa zote, nasi tukalipungia, kila mmoja mkono wa pili ameshikilia sketi yake.