Saa Kumi ya Bi Tamima

Mudrik wa Malindi alikuwa fundi wa programu za simu, na alikuwa na maradhi ya mafundi wenzake: kuwaamulia watu mambo kabla hawajaulizwa. Programu yake ya kutangaza misiba ilienea mtaa mzima. Mwanzoni ile "Inna lillahi" ya herufi za Kiarabu ilitoka vijisanduku vitupu kwenye baadhi ya simu, ungedhani marehemu kafungwa kwenye makatoni. Mudrik akaifundisha programu kuinusa kila simu: inajua herufi gani, inasema lugha gani. Simu ya Kiswahili ikapata saa za Kiswahili, simu ya kigeni ikapata za kizungu. Akajipongeza kwa bakuli la urojo.

Alipofariki Bi Ulfat, maziko yakawa saa nne asubuhi. Shoga yake tangu chuoni, Bi Tamima wa Bububu, alikuwa na simu aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati, inayosema Kiarabu kitupu. Programu ikainusa, ikamhesabu mgeni, ikamwandikia: "Maziko saa 10:00."

Bi Tamima akasoma saa kumi, maziko ya baada ya alasiri. Akavaa buibui akaja kumuaga shoga yake kabla jeneza halijatoka. Akakuta watu washazika, wanakusanya vikombe.

"Macho yamekwisha hayo, mama," bintiye, Shahida, alimwambia mbele za watu. "Hiyo simu nipe mie."

Bibi akaitoa. Mudrik, aliyekuwa akikunja mikeka, akaiona ile 10:00 kwenye kioo. Akazidi kukunja, hata mkeka uliokaliwa.

Programu aliitengeneza usiku huohuo. Roho haikutengenezeka. Wiki ikapita, akaenda Bububu.

"Shikamoo, Bi Tamima."

"Marahaba. Kama una tangazo mpe Shahida. Mie sisomi tena."

"Macho yako hayana kosa, bibi. Kosa langu." Akamweleza yote, na jinsi programu ilivyoinusa simu yake.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Shahida!"

"Naam, mama!"

"Njoo na simu yangu." Kisha akamgeukia Mudrik. "Maarifa yote hayo, ukashindwa kuandika 'asubuhi'?"

"Nlishindwa, bibi."

"Nlitaka kumuona shoga yangu uso tu."

Shahida akaja na simu, na bibi akainyooshea mkono bila ya kumtazama yeyote.