Kimkate cha Furaha

Wanaomjua Furaha wa Bigwa wanamjua kwa mtoto mgongoni na waya begani. Hukodisha muziki kwenye sherehe. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu mjomba wake, pamoja na amplifaya kubwa ya klasi AB, nzito kama jiwe la kusagia.

Ujuzi aliupata kwa Halidi, fundi wa redio wa mtaa wa Mafiga, aliyemfundisha bila kumchoka.

"Klasi A, dada'angu, ni mama mwenye kichanga. Hata mtoto akilala, yeye yuko macho. Ndiyo maana inachemka hata muziki ukinyamaza. Sauti tamu, ila inakula umeme. Klasi B ni wanawake wawili kwenye kinu kimoja: mmoja akiinua mchi, mwenzake anashusha. Wakipishana vibaya, sauti inajikwaa. AB ni walewale, ila mmoja anaanza kabla mwenzake hajamaliza."

"Na hii ndogo niliyoinunua?" aliuliza Furaha, akimwonyesha amplifaya nyepesi mkononi.

"Klasi D. Inawasha na kuzima, haraka kuliko kope zako. Ikizima, imezima kweli, haili kitu. Mlimani kwenye betri, nenda nayo hiyo."

Siku ya kumtoa mwali Rosa, kwenye kijiji cha juu kisichofikiwa na umeme, Furaha alipanda na zote mbili. Kubwa ilibebwa na vijana wa kijiji hicho, wakiining'iniza kwenye mti. Betri ya sola ilikuwa moja, na ukungu ulikuwa umeficha jua tangu juzi. Mzee Leonard, mjomba wa mwali na mwenye sherehe, aliinua ile ndogo kwa mkono mmoja, akacheka.

"Mwanangu, hiki si kimkate? Muziki gani usio na uzito! Washa ile iliyotutoa jasho."

Furaha alijua betri haitafika. Alijua pia kwamba muziki ukikata kabla mwali hajatoka, hakuna atakayemwita tena mlimani. Lakini utambishia vipi mjomba wa mwali uani kwake? Akawasha kubwa.

Watu wakacheza, vumbi likatimka. Mwali akiwa bado anapakwa mafuta ndani, sauti ikaanza kukwaruza, ikafifia, ikakata.

"Mwali anatoka sasa hivi, muziki umekufa!" alifoka Martina, dada yake Leonard. "We mama mtoto, umetuletea maiti?"

Furaha akapiga goti mbele ya mzee.

"Shikamoo tena, babu. Betri haijaisha kabisa. Kilichobaki hakiitoshi kubwa, kinaitosha ndogo. Niruhusu."

Mzee Leonard akawatazama wageni, akautazama mlango.

"Haya. Washa kimkate."

Muziki ukarudi, uani pakalipuka vigelegele. Rosa akatoka juu ya mabega ya mjomba wake, amejipamba shanga, macho chini kama alivyofundwa. Akatuzwa, akazungushwa, akarudishwa ndani, na muziki bado unalia.

Furaha alikaa kando ya spika akinyonyesha, machozi yakimlengalenga. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Halidi, akamshukuru hata yule mzee. Si kila mtu anaweza kubadili neno lake mbele ya wageni.

Mzee Leonard akaja akijifuta jasho.

"Mwanangu, tukishavuna tunamtoa mdogo wake. Uje."

"Nitakuja, babu. Na ile kubwa?"

"Iache hukohuko kwenu! Mabega ya vijana wangu bado nayataka kwa kubebea kabichi shambani."